Nzi Aliyekufa Amesimama

Huenda umewahi kuamka alfajiri ukamkuta nzi ametulia juu ya kioo cha dirisha la jikoni. Unamfukuza, haruki, unamgusa, hatikisiki. Kumbe amekwisha kufa, naye angali amesimama. Wako wanaodhani kwamba sumu imemwagika nyumbani, na wako wanaonong'ona habari za uchawi. Si hili wala si lile. Yamkini nzi huyo ameuawa na kuvu.

Kuvu hiyo ilielezwa mwaka 1855 na Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani. Wataalamu huiita Entomophthora muscae, na neno la kwanza, kwa asili yake ya Kigiriki, maana yake ni mwangamizi wa wadudu. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, humnata nzi, ikapenya ngozi na kumla ndani kwa ndani. Baada ya siku 4 hadi 7 hivi, jua linapokaribia kutua, mgonjwa hupanda mahali palipoinuka, hutoa mdomo wake ukagandamana hapo, huinua mabawa, kisha hufa. Usiku kuvu huchomoza tumboni na kufyatua mbegu ziwapate nzi wengine.

Mtamtambua kwa dalili tatu. Kwanza, amegandamana kwa mdomo, mabawa yakiwa juu. Pili, tumbo limevimba na kuwa na mistari myeupe baina ya pingili zake. Tatu, pembeni mwake pana duara la vumbi jeupe, kama unga uliopepetwa. Nzi aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza hana alama hizo. Mara nyingi huanguka sakafuni chali.

Kuvu hiyo haimdhuru binadamu. Hata hivyo, miguu ya nzi hutoka chooni na jaani. Kwa hiyo mfuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hasa akiwa karibu na vyombo vya chakula.

Wala tusistarehe tukidhani tumepata msaidizi. Kuvu hutaka unyevunyevu. Joto kali na ukavu huizuia. Nzi jike mmoja, kwa upande wake, hutaga mamia ya mayai katika samadi na takataka. Basi tufunike chakula, tufukie taka na kufunga vyoo vyetu. Mlinzi hodari hamwachii lindo lake mpita njia.