Wajane walianza kuhesabu

Wasomaji wetu wa Likasi na Kambove wanajua jina la Shinkolobwe. Urani ya pale ilipelekwa Marekani wakati wa vita, ikaingia mu bomu za 1945. Lakini Wamarekani walichimba urani hata ku kwao, kuanzia 1944, mu udongo wa Wanavajo, wenyeji wa kwanza wa inchi ile. Tunaleta habari yao leo sababu inatuhusu.

Wanaume wa Navajo waliingia mu migodi isiyokuwa na hewa nzuri. Walikula mule ndani, wakakunywa maji yaliyotoka ku mawe. Jioni walirudia nyumbani na vumbi mu nguo, na bibi zao ndio walifua. Waganga wa serikali walikuja kuwapima kuanzia 1950, lakini hawakuwaambia hatari iliyokuwa mule.

Miaka ya 1960, kule Red Valley na Cove, wajane wakaanza kuulizana. Bwana yako alikufa na nini? Mapafu. Na wako? Mapafu vilevile. Alichimba wapi? Ule nao ulikuwa uchunguzi: hakuna mashini, hakuna diploma, ni wamama tu. Walipeleka jambo mbele ya wakubwa. Mahakama ikawakatalia, hawakuacha. Tarehe 15 Oktoba 1990 sheria ikatoka: serikali iliomba radhi, ikakubali kulipa dola 100.000 kwa mchimbaji mgonjwa ao jamaa yake. Hata pale, mjane aliyeolewa kwa desturi, bila karatasi ya ndoa, alisumbuka sana kupata haki.

Tangu 1996 Wanavajo wako na baraza lao: mutu yeyote anayetaka kuchunguza afya yao anaomba ruhusa pale kwanza, na majibu yanarudi kwa wananchi. Pamoja na chuo kikuu cha New Mexico, wamefuata pia afya ya wamama na watoto wanaozaliwa mu inchi yenye migodi zaidi ya 500 iliyoachwa.

Na sisi? Kaye moja mu kila nyumba inatosha. Tuandike mule: baba alichimba wapi, toka mwaka gani mpaka gani, alianza kukohoa lini, muganga alisema nini. Tutunze karatasi za kazi, za hospitali na za ndoa. Na kama jirani anakohoa namna moja na baba yetu, tumuulize alichimba wapi.