Sanamu Isiyotazamwa: Kuhusu Maana ya Sanaa ya Misri ya Kale

Neno "sanaa", tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilihusu kwanza ufundi wa mikono. Siku hizi twalifungamanisha zaidi na uzuri. Anayetaka kuzielewa sanamu na michoro ya Misri ya kale hana budi kuirejea maana ile ya kwanza. Wamisri hawakuwa na neno linalolingana barabara na "sanaa" ya leo. Neno lao hemut lilimaanisha ufundi, nalo liliandikwa kwa alama ya keekee ya kutobolea mawe. Kitu kilichochongwa kilitakiwa kufanya kazi.

Tuchukue mfano wa farao Djoser, aliyetawala katika karne ya 27 K.K. Huko Saqqara, kando ya piramidi yake ya ngazi, sanamu yake ilifungiwa katika chumba kidogo cha mawe kisicho na mlango. Ukutani palikuwa na matundu mawili tu, usawa wa macho. Matundu hayo hayakuwekwa kwa ajili ya watazamaji: farao ndiye aliyetazama nje na kupokea harufu ya ubani. Hali kadhalika, vitu vya kaburi la Tutankhamun, vinavyostaajabiwa tangu mwaka 1922, vilikusudiwa kubaki gizani milele.

Mojawapo ya majina ya mchongaji lilikuwa na maana ya "anayehuisha". Mwanaisimu atapendezwa kuona kwamba neno hilo, seankh, limeundwa kwa kiambishi cha usababishi s- mbele ya shina ankh, "kuishi", kama vile sisi tunavyotumia -isha mwishoni mwa kitenzi. (Tusikimbilie kudai undugu wa lugha kwa ushahidi mwembamba kama huo.) Lakini patasi peke yake haikutosha: kuhani aliigusa sanamu mdomoni kwa tezo, katika ibada ya kufungua kinywa, ili iweze kupumua na kula.

Kutokana na hayo twaelewa kwa nini mtu alichorwa uso ukiwa upande, jicho na mabega vikielekea mbele, miguu upande tena. Wako wanaosema hadi leo kwamba wachoraji wale hawakujua kuchora. Dai hilo ni dhaifu. Katika mchoro wa bustani ya Nebamun, wa karibu mwaka 1350 K.K., bwawa laonekana kutoka juu, ilhali samaki, bata na miti vyaonekana kutoka ubavuni. Kila kitu kimeonyeshwa kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi, kwa maana kisichoonyeshwa kingeweza kukosekana katika maisha ya pili. Mchoro wa namna hiyo husomwa kama sentensi.

Tena mpaka kati ya picha na maandishi ulikuwa mwembamba mno. Katika baadhi ya maandishi ya makaburini, alama za nyoka na simba zilikatwa vipande viwili zisije zikamdhuru marehemu. Utambulisho wa sanamu nao ulikaa katika jina kuliko katika sura. Ramesses II alichonga jina lake juu ya sanamu za waliomtangulia, zikawa zake. Na katika miaka ya mwisho ya utawala wa Thutmose III, picha na majina ya malkia Hatshepsut vilifutwa kwa patasi katika mahekalu. Sanamu nyingi zilivunjwa pua makusudi: isiyo na pua haipumui.

Je, mtu wa kawaida, asiye na makuhani wa kumhudumia daima, alifanyaje? Baadhi yao waliandikisha kwenye mawe ya makaburi yao ombi kwa wapita njia wajuao kusoma, wautamke mkate na bia kwa maelfu kwa ajili ya marehemu. Ombi hilo huongeza mara nyingine kwamba halitamgharimu msomaji chochote isipokuwa pumzi ya kinywa chake.