Kiangazi kimeingia Kasongo: angalia fishi ya mtoto

Mvua za mwisho zikishapita, maisha ya nyumbani kusini mwa Maniema hubadilika. Alfajiri huwa na baridi, watoto husogelea moto wa jikoni, na usiku wadogo hulala wakibanana chini ya blanketi moja. Mpunga umeshapigwa na kutiwa magunia. Njia ya Kasongo kwenda Kabambare, iliyokuwa tope tupu, sasa inapitika, na baiskeli za mizigo na pikipiki hufuatana tangu asubuhi. Harusi zilizongojea mavuno zinapangiwa tarehe. Mwanzoni mwa Julai shule zitafunga, na watoto watapelekwa kwa bibi, kwa mjomba, kwa shangazi.

Kwa mzazi, hii ni miezi ya kupumua kidogo, ingawa kazi haziishi: chemchemi zinapungua maji, mihogo inangoja kurowekwa, na mafua yanazunguka nyumba nzima. Katikati ya shughuli hizo kuna kazi moja isiyochukua hata dakika tano, nami nawasihi akina baba na akina mama wa Kasongo na Kabambare waifanye wiki hii. Toeni fishi ya chanjo ya kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, mtafute mstari wa chanjo ya surua. Katika ratiba ya Kongo, sindano ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 15. Kama nafasi mojawapo iko tupu na umri umeshapita, mtoto huyo ana deni ambalo kituo cha afya kinaweza kulilipa bila malipo.

Kwa nini sasa

Surua huletwa na virusi vinavyosafiri hewani. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili hata kama yeye ameshatoka. Wasio na kinga 10 wakikaa naye karibu, 9 kati yao wanaweza kuambukizwa. Pasipo na chanjo, mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Ni magonjwa machache sana duniani yanayosambaa kwa kasi hiyo.

Ubaya wake mwingine ni kwamba mtoto huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea. Siku hizo ana homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu, na mama hudhani ni mafua ya baridi ya asubuhi. Kabla vipele havijaanza nyuma ya masikio na usoni, mtoto ameshabebwa mgongoni sokoni, msikitini au kanisani, na pengine matangani.

Virusi hivi vinahitaji watu waliokusanyika, na kiangazi huwakusanya. Mwaka 2008 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba nchini Niger surua hupanda wakati wa kiangazi na kushuka mvua zikirudi. Mwaka 2011 watafiti walichunguza picha za setilaiti za taa za usiku katika miji ya Niamey, Maradi na Zinder. Kiangazi taa ziliongezeka, kwa kuwa watu walihamia mjini kazi za shamba zikiisha, na wagonjwa wa surua waliongezeka pamoja nazo. Maniema si Sahel, na kwetu surua inaweza kuzuka mwezi wowote. Lakini kanuni ni ileile. Kwetu pia watu hukutana: kwenye masoko, kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila na Namoya, na kwenye nyumba ambazo jamaa waliokimbia mapigano wamepewa hifadhi, familia mbili tatu chini ya paa moja.

Taifa zima lilipata somo hili kwa uchungu. Tarehe 10 Juni 2019 Wizara ya Afya ilitangaza rasmi janga la surua. Mwaka ule peke yake wagonjwa waliodhaniwa kuwa na surua walizidi 300,000, na waliokufa walizidi 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huohuo macho ya dunia yalikuwa Beni na Butembo, ambako Ebola iliua watu wapatao 2,280 kuanzia 2018 hadi 2020. Surua iliua zaidi ya mara mbili ya hao, nayo ina chanjo iliyokuwapo tangu mwaka 1963.

Swali lililoulizwa Kasongo

Wazazi wengi wa leo hawajui kwamba mji wao una nafasi yake katika historia ya chanjo hii. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha pamoja na waganga wa Zaire mradi wa kupanga upya huduma za afya katika eneo la Kasongo: vituo vidogo karibu na watu, hospitali ya rufaa nyuma yao, na watoto kufuatiliwa uzito wao kwa utaratibu. Mfumo wa zoni za afya tunaoutumia Kongo nzima ulijifunza kutoka mahali pachache, na Kasongo ni mojawapo. Leo eneo la Kasongo lina zoni za Kasongo, Kunda na Samba. Eneo la Kabambare lina za Kabambare, Lusangi na Saramabila.

Chanjo ya surua ilipoanza kutolewa Kasongo katika miaka ya 1970, timu ya mradi haikutosheka na kuhesabu sindano. Ilitaka kujua ni watoto wangapi wanabaki hai. Ikawalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, kuanzia umri wa miezi 7 hadi miezi 35, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Katika umri ambao surua ilikuwa inashambulia zaidi, waliochanjwa walikufa wachache kuliko wenzao. Baadaye, hata hivyo, tofauti hiyo ilionekana kupungua. Ndipo timu ikauliza swali gumu: je, mtoto dhaifu anayeepushwa na surua hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine?

Lilikuwa swali la watu wakweli, na lilizua mjadala mrefu. Kama jibu lingekuwa ndiyo, basi chanjo ingekuwa inaahirisha tu msiba wa familia. Mtafiti wa Denmark Peter Aaby, aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, aliona picha tofauti: watoto waliochanjwa waliendelea kuishi kwa wingi kuliko wenzao, na vifo vyote kwa jumla vilipungua. Mwaka 1995 yeye na wenzake walikusanya tafiti 12 za namna hii kutoka nchi zinazoendelea, wakachapisha katika jarida la kitabibu la BMJ. Chanjo ilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 30 hadi 86. Faida hiyo ni kubwa kuliko idadi ya vifo vinavyoandikwa kwa jina la surua. Ikabidi kuuliza: surua inafanya nini mwilini hata kuizuia kukinge na vifo vingine?

Surua inavyofuta kumbukumbu ya mwili

Dalili ya kwanza ilikuwa imeonekana zamani. Mwaka 1908 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna aligundua kwamba watoto ambao ngozi zao zilikuwa zikionyesha alama ya kipimo cha kifua kikuu waliacha kuionyesha walipopata surua. Mwili ulikuwa umemsahau adui uliokuwa ukimjua.

Leo tunajua sababu. Virusi vya surua huingia na kuua chembe nyeupe za damu, zikiwemo zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ambayo mtoto ameshawahi kupambana nayo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, iliyochukuliwa kabla na baada ya kuugua surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Kinga yao ilikuwa kama daftari la madeni la mwenye duka lililonyeshewa mvua: majina mengine bado yanasomeka, mengine yamefutika kabisa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za vifo za Uingereza, Marekani na Denmark, ulionyesha kwamba baada ya surua watoto hubaki katika hatari ya kufa kwa magonjwa mengine ya kuambukiza kwa miaka miwili hadi mitatu.

Kwa mzazi wa Kasongo maana yake ni hii. Mtoto aliyepona surua mwezi wa Juni anaweza kuonekana mzima mwezi wa Agosti, kisha akashikwa na nimonia au kuhara mvua zikirudi, na hakuna atakayekumbuka kuihusisha surua na ugonjwa huo. Chanjo haifuti kumbukumbu hiyo. Virusi vilivyomo vimedhoofishwa. Vinaufundisha mwili bila kuubomoa. Swali la 1981 limepata jibu, nalo linawapa wazazi nguvu: sindano ya surua inamkinga mtoto na surua, na inailinda kinga aliyojijengea dhidi ya magonjwa mengine.

Kituoni siku ya chanjo

Chanjo ya surua huja kama unga mkavu ndani ya kichupa, na huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu inakotoka mpaka inapofika. Kwa hiyo hufika vijijini ndani ya sanduku la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Muuguzi huchanganya unga na maji yake maalumu, na kwa kawaida kichupa kimoja hutosha watoto 10. Kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa 6. Ndiyo sababu mama anayefika peke yake siku isiyo ya chanjo anaweza kuombwa kurudi. Ulizeni mapema siku ya chanjo katika kituo chenu, mfuatane majirani kadhaa, mfike asubuhi.

Sindano ya miezi 9 huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100. Ya pili inawafikia wengi wa wale 15 ambao mwili wao haukuitikia ya kwanza, ndiyo maana haitoshi kuishia kwenye moja. Mafua madogo au wembamba wa mtoto si sababu ya kuahirisha. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayeihitaji zaidi. Baadhi ya watoto hupata homa kidogo au vipele vichache kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano. Hupita yenyewe.

Ikiwa surua imeshaingia nyumbani

Mpelekeni mgonjwa kituoni, lakini mtu atangulie kumwarifu muuguzi ili mtoto asikalishwe kwenye benchi moja na wengine. Hakuna dawa inayoua virusi vya surua, ila kuna matibabu yanayookoa. Muhimu kabisa ni vitamini A, mara moja kwa siku, siku mbili mfululizo. Muuguzi hukata ncha ya kidonge laini na kukamulia matone mdomoni: mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, na wa mwaka mmoja na kuendelea yuniti 200,000. Vitamini hiyo hupunguza vifo na hulinda macho, kwani surua ikimkuta mtoto aliyepungukiwa nayo inaweza kumpofusha. Msimtie machoni maji ya majani wala dawa ya kubahatisha. Mwosheni kwa maji safi, mnyonyesheni, mpeni chakula kidogo kidogo mara nyingi na maji ya kutosha. Akipumua kwa shida, akitoa usaha masikioni, akihara sana, akilegea au akipata degedege, msingoje kesho.

Ndugu zake ambao hawajachanjwa wakipata sindano ndani ya siku tatu tangu kuambukizwa, wanaweza kuokolewa. Na palipo na mlipuko, wenye miezi 6 huweza kupewa sindano ya mapema, ambayo haihesabiwi mahali pa ile ya miezi 9.

Jikoni petu pia pana akiba. Mawese mekundu ni miongoni mwa vyakula vilivyo tajiri zaidi kwa viini vinavyogeuka vitamini A mwilini, na wekundu wake ndio viini vyenyewe. Ukiyachoma jikoni mpaka yawe meupe, umevipoteza. Sombe iliyotiwa mawese yasiyochomwa sana inamjenga mtoto siku zote, ingawa haichukui nafasi ya kidonge wala ya sindano.

Watoto 19 kati ya 20

Ili surua ikose njia katika mtaa, watu wapatao 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Kwa watoto 20 wanaocheza pamoja uwanjani, 19 wawe wamekingwa. Nafasi iliyobaki ni ya mtoto mchanga wa miezi minne au sita, ambaye umri wake wa sindano haujafika na kinga aliyopewa na mama tumboni inazidi kupungua. Huyo hawezi kujikinga, na hata mama yake hawezi kumkinga peke yake. Analindwa na watoto wa majirani waliochanjwa. Kwa hiyo ukishaangalia fishi ya mwanao na ukakuta nafasi zote mbili zimejazwa, vuka ua, umuulize jirani kuhusu ya mwanawe.