Moteri inazunguka, lakini haiwaki

Wengi wenu mliuliza kwa nini Jumanne ile gari la kikundi halikuonekana soko la Virunga, na maharagwe ya Sake yakachelewa. Wengine mlisikia kwamba shoferi wetu ameua moteri. Tunaona vema tueleze ilivyokuwa, maana jambo hili lilitaka kutula dola 180.

Gari letu mnalijua: Toyota ndogo ya zamani, usukani kuume, tuliyonunua kwa akiba ya AVEC baada ya kuweka kidogo kidogo miaka miwili. Asubuhi hiyo shoferi alizungusha ufunguo. Moteri ikazunguka vizuri, wu-wu-wu-wu, lakini haikuwaka. Akarudia mara nyingi, haikuwaka.

Fundi wa kwanza alifika, akainua boneti, akasikiliza mara moja tu. Akasema pompe ya esanse imekufa, na kompyuta ya gari pia. Dola 180, nusu itangulie. Kisandukuni tulikuwa na dola 210, na zote zilikwisha kupangiwa minervali ya watoto wetu. Mama mtunza kisanduku akakataa kufungua kufuli mpaka aelezwe pompe imekufa kwa ushahidi gani. Fundi akakasirika, akaenda zake. Leo tunamshukuru mama huyo, ingawa saa ile tulimwona msumbufu.

Mmoja wetu alikulia katika garaji ya baba yake kule Birere. Alifunga kitenge vizuri, akatuita wote karibu. Tuanze na vile vinavyofanya kazi, alisema.

Ukizungusha ufunguo ukasikia «tak» moja, au kimya, shida tafuta kwenye batiri, nyaya zake au demareri. Letu lilikuwa linazunguka kwa nguvu, basi hivyo vyote vizima. Tena sauti ilikuwa na mapigo yake ya kila siku. Ingezunguka nyepesi na ya haraka kuliko kawaida, bila mapigo, tungeogopa kwamba mkanda wa ndani ya moteri umekatika, na hapo mtu aache kabisa kuzungusha asije akaharibu zaidi.

Halafu akatuhesabia kwa vidole: moteri ya esanse inataka hewa, inataka esanse, inataka cheche ya bujii kwa wakati wake, na inataka kubana vizuri. Basi. Shoferi wetu, kijana mwenye kupenda magari ya mashindano, anatembea na picha ya Datsun 240Z kwenye simu, lile gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Mara ya pili lilikuwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye aliishinda safari hiyo mara tano. Akauliza kama hata lile linafuata hesabu hiyo. Mama akamjibu kwamba hata lile, pamoja na mbio zake zote.

Tukaanza na pompe. Shoferi aligeuza ufunguo nusu, bila kuzungusha moteri, nasi tukainamisha masikio karibu na kiti cha nyuma. «Zzzz», sekunde mbili hivi. Pompe aliyoizika fundi ilikuwa inaimba! Ingenyamaza, bado tusingeinunua mpya mara moja: tungetazama kwanza fizibuli na relee yake, kile kijisanduku cheusi ambacho mara nyingi unaweza kukijaribu kwa kubadilishana na cha honi, kama ni cha aina moja.

Ikafuata bujii. Ikitoka kavu, esanse haifiki. Ikitoka na unyevu na harufu kali, esanse inafika, ila cheche hakuna, au moteri imezamishwa kwa kuzungushwa mno. Yetu ilitoka na unyevu, lakini harufu hafifu. Mama akakunja uso. Tuliita kijana wa garaji ya jirani apime cheche. Tukaondoa mbabula na watoto mbali. Kipimo hicho tusijaribu wenyewe, kwani umeme wake unarusha mtu na mvuke wa esanse unashika moto. Cheche ilikuwepo, ya buluu, safi.

Ikabaki esanse yenyewe.

Shoferi alikuwa amekaa juu ya mawe ya volkano, ameinamisha kichwa. Mama mmoja wetu alikwisha kusema mbele za watu kwamba kijana anauza esanse yetu usiku. Tulipomuuliza taratibu, alisema jana yake mvua ilinyesha, kituoni foleni ndefu, tanki karibu tupu. Akanunua lita tano kwa kadafi. Karibu na nyumbani gari lilikohoa mara mbili. Hakusema, kwa sababu sisi wenyewe tulimkataza kadafi na kumwahidi kumfukuza.

Tukatoa esanse kidogo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, tukaiacha itulie. Mstari ukaonekana: juu umanjano, chini maji meupe, karibu robo ya chupa. Maji ni mazito kuliko esanse, hukaa chini, na pompe hunywa chini. Jioni tanki lilipotikiswa njiani vilichanganyika, gari likafika. Usiku maji yakashuka.

Tanki likamwagwa na kusafishwa, filita mpya, bujii zikakaushwa, esanse safi ikatiwa. Kuzungusha sekunde zisizozidi kumi, kisha demareri inapumzika dakika moja. Mara ya tatu ikakohoa, mara ya nne ikawaka. Dola 23, na esanse ndani. Ile iliyochafuka mama mmoja alitaka kuwashia mbabula. Tulimnyang'anya bidoni.

Makadafi hatuwalaani, wengi ni watoto wetu, na bidoni iliyofunguliwa mvuani huingiza maji bila hila ya mtu. Kosa letu lilikuwa ile ahadi ya kufukuza, iliyomfundisha kijana kuficha kikohozi cha gari. Kikao cha Alhamisi kimeiondoa. Sasa ana chupa yake nyeupe: akilazimika kununua njiani, anaitazama kwanza ikiwa imetulia.

Minervali imelipwa. Mama aliyemshtaki shoferi alimletea sahani ya sombe na samaki siku hiyo hiyo ya kikao. Neno la msamaha bado hatujalisikia, lakini kijana alikula yote.