Maumivu ya Nyonga Garissa: Kovu Kwanza, Mikono Baadaye

Mwanamke akifika zahanati ya Garissa, Wajir au Mandera akisema chini ya kitovu kunamuuma kwa miezi mingi, ni rahisi apewe dawa ya kutuliza maumivu na antibiotiki ya mkojo, kisha arudishwe nyumbani. Dawa huisha na maumivu yakabaki palepale. Swali ambalo lingemfupishia njia huachwa bila kuulizwa kwa sababu ya haya ya pande zote mbili: je, alikeketwa, na kama alikeketwa, alishonwa?

Katika eneo hili swali hilo si la ziada. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanawake 98 kati ya kila 100 wa Kaskazini Mashariki, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa Kenya nzima walikuwa 21. Kufikia uchunguzi wa 2022 wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 15. Mshuko huo ni habari njema kwa wasichana wa leo, lakini haumwondolei maumivu mama wa miaka 35 aliyekatwa akiwa na miaka saba. Baadhi ya akina mama hao walifanyiwa tohara ya kifirauni, yaani nyama za nje za uke zilikatwa, kingo zikaunganishwa, na kikaachwa kitundu kidogo tu cha kupitisha mkojo na damu ya hedhi.

Kitundu hicho hufanya kazi isiyo yake. Mkojo hutoka kwa shida na mwingine hubaki nyuma ya kovu, na maambukizi hujirudia. Damu ya hedhi huchelewa kutoka, tumbo likasokota. Penye kovu huweza kuota uvimbe wenye majimaji. Ncha za mishipa ya fahamu iliyokatwa nazo huweza kujikusanya zikawa kinundu kinachouma hata kikiguswa na nguo. Kisha huja ndoa, na baada yake uzazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo. Waliofanyiwa ukeketaji wa aina hii walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa ulioongezeka kwa takriban asilimia 30, na wa kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ulioongezeka kwa takriban asilimia 70, kuliko wasiokeketwa.

Kovu ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko ndani, kwenye misuli iliyotandazwa kati ya mfupa wa kinena na kifandugu, ambayo hubeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mkubwa. Mwili unaotarajia kuumizwa hukaza misuli hii kabla mtu hajafikiri. Ikikazwa kila mara mkojo unapotoka, kila hedhi na kila tendo la ndoa kwa miaka mingi, hatimaye husahau kulegea, na msuli usiolegea huuma wenyewe. Neva nazo huzoea kupeleka taarifa ya maumivu, kiasi kwamba mguso mdogo huhisiwa kama jeraha. Ndiyo maana mwanamke anaweza kupimwa mkojo ukawa safi, akapigwa picha ya tumbo isionyeshe kitu, na bado akashindwa kukaa kitini saa nzima. Hajidanganyi wala hana jini.

Hapa ndipo tiba ya mikono inapoingia, ostiopathi ikiwa mojawapo. Ilianzishwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, aliyetangaza mawazo yake mwaka 1874 na kufungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Siku hizi Marekani mhitimu wa ostiopathi ni daktari kamili mwenye ruhusa ya kuandika dawa na kupasua; Uingereza ni mtaalamu wa mikono anayesimamiwa na sheria ya mwaka 1993. Mgonjwa wa nyonga huanza kwa kuangaliwa anavyosimama, anavyopumua, na jinsi kiuno, mapaja na tumbo vinavyosogea. Baadaye misuli iliyokaza hubonyezwa polepole na viungo hunyooshwa. Kwa idhini yake, misuli ya ndani huguswa kwa kidole kilichovaa glavu hadi ianze kuachia.

Ushahidi wa ostiopathi yenyewe kwa maumivu ya nyonga bado ni mwembamba, na anayeahidi kuponya kila kitu kwa mikono anapaswa kukimbiwa. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka kwa ndugu yake, fiziotherapia ya nyonga. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Amerika ya Kaskazini kwa wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na nyonga. Kundi moja lilishughulikiwa misuli ya nyonga, jingine likakandwa mwili mzima kwa kawaida. Asilimia 59 ya kundi la kwanza walisema wamepata nafuu ya kutosha. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 26. Wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ukeketaji, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuhamishiwa Garissa jinsi zilivyo. Lakini msuli uliokaza ni msuli uliokaza, uwe wa nani.

Mpangilio wa matibabu ndio wenye uzito. Mikono haiwezi kufungua uke ulioshonwa, wala kuondoa uvimbe, wala kutibu kifua kikuu cha mji wa mimba au endometriosisi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inapendekeza kovu la mwanamke aliyeshonwa lifunguliwe ili kuzuia na kutibu matatizo ya uzazi na ya mkojo. Ni upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi. Mkunga Comfort Momoh, mzaliwa wa Nigeria, alianzisha kliniki ya kazi hiyo London mwaka 1997, na wanawake wa Kisomali ni miongoni mwa waliohudumiwa humo. Shirika hilo hilo linapinga mwanamke kushonwa upya baada ya kuzaa, hata akiomba mwenyewe au mumewe. Wengi hufunguliwa, mkojo ukatoka vizuri, kisha wakashangaa kwamba tendo la ndoa bado linauma. Misuli haijapata habari kwamba mlango umefunguliwa, na huo ndio wakati wa kumwita mtaalamu wa mikono.

Kuna ushauri mmoja unaopaswa kukomeshwa. Mazoezi ya kubana misuli ya uke, yaliyosambazwa na daktari Arnold Kegel kuanzia mwaka 1948, ni mazuri kwa anayevuja mkojo kwa sababu misuli imelegea. Kwa mwenye misuli iliyokaza, kubana zaidi ni kuongeza maumivu. Huyu anahitaji kinyume chake: alale chali, magoti yamekunjwa, avute pumzi hadi tumbo lipande, na akiitoa aiache nyonga iachie bila kusukuma. Dakika tano asubuhi na tano usiku zinatosha kuanzia. Siku arobaini za uzazi, mama anapopumzishwa na nduguze, ni wakati mwafaka wa kujifunza hilo. Kurudi mapema mno kwenye madumu ya maji ya lita 20 huirudisha misuli kwenye kukaza.

Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu 2014, na kwa mkazi wa Garissa njia iliyo karibu ni idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya kaunti, si kumsaka mtaalamu wa ostiopathi Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370. Kinachotakiwa ni wataalamu wa kike waliofunzwa nyonga, chumba chenye mlango unaofungwa, na mgonjwa kuruhusiwa kuingia na dada au mama yake. Magavana wa kaunti zote tatu wanaweza kugharamia mafunzo hayo bila kusubiri mfadhili.

Nawe dada unayesoma haya, usiogope kwamba sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji itakushika ukienda kutibiwa. Kufunguliwa kovu na daktari ni matibabu halali. Ukiwa na homa pamoja na maumivu makali, ukitokwa damu isiyo ya hedhi, ukishindwa kukojoa, au ukihisi huenda una mimba na upande mmoja wa tumbo unakata, usingoje miadi wala usikandwe na mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.