Tukuyu: Mji Mdogo wa Mlima Rungwe

Wakenya wengi wanaovuka mpaka kuingia Tanzania huishia Arusha, Dar es Salaam au Unguja. Wachache hufika Nyanda za Juu Kusini, na wachache zaidi huteremka hadi Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya. Ni mji mdogo wa barabara kuu moja, soko, stendi na maduka ya mabati yaliyopauka kwa mvua. Hata hivyo una umri mkubwa kuliko jiji la Mbeya, na nchi uliyokalia haina mfano wake kwetu.

Kutoka Mombasa unavuka Lunga Lunga, unapita Tanga na Chalinze, kisha unashika barabara kuu iendayo Zambia. Ukishaiacha Morogoro unakatiza Hifadhi ya Mikumi, unapanda kona kali za Kitonga na kufika Iringa, nchi ya Wahehe. Karibu na hapo, mahali paitwapo Lugalo, mtawala wao, Mtwa Mkwawa, aliliangamiza jeshi la Wajerumani mwezi Agosti 1891. Unapita Mafinga na Makambako hadi Uyole, kwenye lango la jiji la Mbeya, na hapo unachepuka kuelekea kusini. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo utatokea Kasumulu, mpakani na Malawi.

Ukitoka Uyole gari huanza kupanda Milima ya Uporoto na baridi inaingia. Pale Isongole magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya lami, yamefungwa lumbesa hadi yanamzidi mtu kimo. Baada ya hapo barabara inateremka, viazi vinakwisha na migomba inaanza. Migomba hiyo haiishi tena. Iko nyuma ya nyumba, kati ya makaburi ya familia, na kwenye miteremko ambayo kwetu ingeachiwa mbuzi.

Yote haya yametokana na moto wa chini ya ardhi. Bonde la Ufa tunalolijua Naivasha na Nakuru hukutana katika eneo hili na tawi la magharibi, lile lenye maziwa Tanganyika na Rukwa. Panapokutana pande hizo ardhi ilipasuka na volkano zikamea. Mkubwa wao ni Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960. Jirani yake, Kyejo, alimwaga lava mara ya mwisho miaka ya 1800 ikianza. Kaskazini yao liko Ziwa Ngozi ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na kuta za msitu, na wenyeji hukuonyesha namna umbo lake linavyofanana na ramani ya Afrika. Huko Kiwira lava iliganda juu ya mto ikaacha upinde wa jiwe unaoitwa Daraja la Mungu. Katika kijiji cha Ikama hewa ya ukaa inayotoka ardhini hukusanywa na kupelekwa viwandani, na ndiyo inayotia soda mapovu.

Moto huo ndio uliotengeneza udongo mweusi wenye rutuba, na Ziwa Nyasa huuletea maji. Upepo kutoka ziwani hubeba unyevu, ukagonga milima na kuumwaga. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mombasa. Mwavuli hapa ni kama viatu, hutoki nyumbani bila huo.

Wenyeji ni Wanyakyusa, na ndugu zao Wangonde wako ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Msomaji wa Kwale au Taita atatabasamu akisikia majina yao: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakalinga. Ni "Mwa" ile ile ya ukoo tunayoijua sisi. Asubuhi wanasalimiana "ugonile", yaani umelala, na shukrani ni "ndaga fijo". Joseph Thomson, yule msafiri wa Kizungu tunayemkumbuka kwa Maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, alipita nchi hii mwaka 1879, kabla hajafika Kenya, na akasifu sana usafi wa nyumba na mashamba yao ya migomba. Ustaarabu huo aliukuta. Hakuna mgeni aliyeuleta.

Wageni wa kukaa walifika 1891, pale Wamoravian walipojenga misheni Rungwe wakiongozwa na Theodor Meyer. Hadi leo Rungwe ndiyo makao ya Jimbo la Kusini la kanisa hilo. Serikali ya Wajerumani iliweka kituo chake kwanza ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kukiita Langenburg. Malaria ikawashinda, na karibu na mwaka 1900 wakakihamishia huku juu penye baridi, wakapaita Neu Langenburg. Huo ndio mji wa Tukuyu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yakavuka kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na kuuteka. Jina la Kijerumani likafa, jina la wenyeji likabaki.

Tukuyu ingeweza kuwa jiji la kusini. Lakini dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilivuta watu na fedha, na mwaka 1927 Waingereza wakaanzisha Mbeya. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ikapita Mbeya. Tukuyu ikabaki na mashamba yake.

Na mashamba hayo si haba. Chai ilipandwa Kyimbila mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Limuru. Leo sehemu kubwa iko mikononi mwa wakulima wadogo, kama ilivyo kwa wale wa kwetu wanaouza kupitia KTDA. Mchumaji husimama kiunoni mwa kijani, vidole vikikata majani mawili na chipukizi lake na kutupa nyuma ndani ya kapu, bila macho kufuata mkono. Kuna kahawa, maziwa na maparachichi, na ukiteremka Kyela unakuta kakao na ule mchele wenye harufu unaosifika Tanzania nzima.

Msitu wa juu nao una hazina yake. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walimwona nyani ambaye sayansi haikumjua, na mwaka 2005 akatangazwa duniani. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, na jina walilompa, kipunji, ndilo analoitwa hadi leo.

Mjini kwenyewe kuna kata ziitwazo Bagamoyo na Msasani, majina ya pwani yaliyopanda mlima. Mwulize mzee yeyote wa hapo habari za mpira, atakuambia 1986. Mwaka huo Tukuyu Stars, ikiwa imepanda daraja tu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Ni kama timu ya Kericho iingie ligi kuu leo na kuwapiku Gor Mahia na AFC Leopards msimu huo huo.

Sisi tumezoea kupima mji kwa ghorofa na reli. Tukuyu ilikosa vyote viwili, na bado mtu wake anakula cha shambani kwake, anauza ziada, na anamsomesha mtoto kwa chai na ndizi. Huo si mji uliosahauliwa. Basi siku utakayokuwa njiani kwenda Mbeya, ukifika Uyole usipitilize. Shika njia ya kusini, ukiwa na sweta na mwavuli, na ukikaribishwa ndizi useme "ndaga fijo".