Kitunguu cha Lumuma Kinapofika Utumboni

Bonde la Lumuma, katika jimbo la Kibakwe wilayani Mpwapwa, linajulikana kwa vitunguu vyekundu. Jikoni tunavimenya kwa pupa: ganda linatupwa, na tabaka la nje linaondoka nalo. Humo ndimo ilimojaa kwesetini, kemikali ambayo watafiti wa mzio wameifuatilia kwa miongo kadhaa.

Mwenye mzio akivuta vumbi au chavua, seli ziitwazo masti, zilizotapakaa puani, mapafuni na kwenye ngozi, humwaga histamini; ndipo chafya, mafua na macho kuwasha. Mwaka 1977 Fewtrell na Gomperts walionyesha kuwa kwesetini huzuia kalsiamu kuingia katika seli hizo, na histamini ikabaki ndani. Zilikuwa seli za panya. Mwaka 2012 zikapimwa seli za binadamu, na kwesetini ikaishinda kromolini, dawa halisi ya mzio.

Ila seli za maabara humwagiwa kwesetini moja kwa moja. Mla kachumbari ana utumbo wa kuvuka kwanza.

Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake, Uholanzi, waliwalisha kwesetini watu tisa waliokwisha kuondolewa utumbo mpana. Uteuzi huo ulikuwa wa akili: chakula kisichofyonzwa kilikusanywa kabla bakteria wa utumbo mpana hawajakivuruga. Kwesetini ya kitunguu, iliyoshikana na glukosi, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Kwesetini tupu ilipata 24, na rutini, yenye sukari ya aina nyingine, 17. Hadi wakati huo sukari iliyoshikana na kwesetini ilidhaniwa kuwa kizuizi! Baadaye ikaonekana kwamba laktasi, kimeng'enya kilekile kinachovunja sukari ya maziwa, huikata glukosi kwenye ukuta wa utumbo, na kwesetini ikapenya.

Jambo ambalo wauza vidonge vya kwesetini hawalitangazi ni hili: ukuta huohuo, pamoja na ini, huibadilisha karibu yote kabla haijasambaa mwilini. Inayozunguka kwenye damu siyo ile iliyomwagiwa seli za maabara, na nguvu yake haiwezi kukisiwa kutokana na majaribio yale. Kwa hiyo mwenye pumu asiiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu ya kitunguu.

Kwa mpishi hesabu ni nyepesi zaidi. Kitunguu cheupe kina kwesetini kidogo mno. Chekundu kikichemshwa, sehemu ya kwesetini yake huhamia kwenye maji, basi mchuzi usimwagwe.